Chai na Upungufu wa Damu

Mwalimu akimwona mtoto asinzia darasani, humwita mvivu. Na mume akimwona mkewe amechoka kabla ya adhuhuri, husema ana kisirani. Yafaa kwanza kutazama ndani ya kope ya chini ya jicho: ikiwa nyeupe, huenda damu ni pungufu.

Hapa Pemba sababu moja kubwa ni safura, maradhi ya minyoo inyonyayo damu, ambayo Maabara ya Ivo de Carneri huko Wawi, Chake Chake, yameyachunguza tangu mwaka 2000. Lakini iko sababu nyingine tuitiayo wenyewe kikombeni. Damu hujengwa kwa madini ya chuma, nayo yamo katika mchicha, kisamvu na kunde, ila mwili huyapokea kwa shida. Tukinywa chai ya mkandaa pamoja na chakula hicho, ukakasi wake, mfano wa ule wa gome la mkandaa wenyewe, huyashika madini yale yakapita tumboni bila faida. Kahawa nayo ni vivyo hivyo.

Hatusemi watu waache chai, nani angetusikiliza? Ingojewe walau saa moja baada ya kula. Mboga na ikamuliwe ndimu, au iliwe kwa samaki, kwani hivyo huusaidia mwili kuyapokea madini.

Chai ya usiku huondoa usingizi, na asiyelala vema huamka mwepesi wa hasira.

Mwanamke mwenye mimba apewapo vidonge vya chuma kituoni, asivimeze kwa chai, bali kwa maji.