Mbuzi Anayejigeuza

Wateja wangu wa Katuba na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, wakitaka mashine ya kugeuza mbuzi motoni, huanza na mota. Ya nguvu gani? Ya gari gani? Mimi huwauliza mbuzi wao atafungwaje. Mota zimejaa mjini. Mbuzi aliyefungwa sawasawa ndiye adimu.

Michopo ya kawaida haihitaji mashine. Nyama hukatwa, huwekwa juu ya makala, hugeuzwa kwa mkono. Mashine ni ya mbuzi mzima, wa ndoa au ubatizo. Zamani kazi ya kuzungusha aliachiwa mdogo wa nyumba, saa tatu, saa nne, machozi yakimtoka kwa moshi. Uingereza walifuga mbwa maalumu kwa kazi hiyo, waliokimbia ndani ya gurudumu lililofungwa ukutani. Sisi tulikuwa na wadogo zetu.

Mota ninayoipenda ni ya waipa, kutoka gari lililokufa. Inatumia volti 12, kwa hiyo batri nzima ya gari inatosha mpaka nyama iive, umeme uwepo usiwepo. Ndani yake mna gia ya mfano wa parafujo: mota huzungusha chuma, lakini uzito wa nyama hauwezi kuirudisha nyuma. Kasoro yake ni mbio. Kwa mwendo wake mdogo huzunguka kama mara 40 kwa dakika, na mbuzi anataka 4 au 5 tu. Hapo baiskeli kuukuu inasaidia: gia ya nyuma yenye meno 14 ikivuta kwa cheni ile ya pedali yenye meno 44, kisha jozi nyingine kama hiyo, mizunguko 40 hushuka hadi 4.

Sasa mbuzi mwenyewe. Uti wa mgongo naufunga kwa waya ubane kabisa kwenye chuma cha kumtungia, miguu naivuta na kuikaza. Kabla ya kuvisha cheni, nakilaza chuma juu ya beringi, nazungusha kwa mkono, naachia. Upande uleule ukishuka kila mara, huo ni mzito. Upande wa pili nafunga mkono mfupi wenye kipande cha chuma kinachosogezwa, maana mafuta yakiyeyuka uzito nao unahama. Ukiruka hatua hii, mota itahema kila mzunguko, waya zitalegea, na mgongo utaungua huku mapaja yakiwa mabichi.

Kwa kumtungia mbuzi, bomba lililopakwa zinki silitumii, hata kama zinki inachimbwa Kipushi hapo jirani. Likipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Shaba pia sitaki iguse nyama, ingawa mji huu umekula kwa shaba tangu 1910: ndimu na chumvi huitafuna ikaingia kwenye chakula. Chuma kisichoshika kutu ni ghali, na ndicho ninachodai. Pipa la lita 200 la kuwekea makala nalo nauliza lilibeba nini. Katika mji wa migodi, pipa la bure lingeweza kuwa la asidi.

Mota hukaa mbali na joto, nyuma ya bati. Makala nayapanga mistari miwili pembeni, kamwe si chini ya mbuzi, maana mafuta yakidondokea moto huwaka. Katikati naweka sinia la kukinga mafuta hayo. Wageni wanaojua hawasubiri sahani. Huja na tonge la bukari, yaani ugali, mkononi, wakachovya humo.