Kiashirio si Kisababishi: Istilahi za Upimaji wa Majitaka

Wafasiri wa taarifa za maji hukutana mara kwa mara na dhana ya vijidudu vinavyopimwa, si kwa sababu vyenyewe ni hatari, bali kwa sababu kuwapo kwavyo hufichua kuwa maji yamechanganyika na kinyesi. Kuviita "vijidudu vya maradhi" ni kupotosha, na kosa hilo laweza kumdhuru msomaji.

Wahenga walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu si mvua. Ni ishara yake. Ndivyo alivyo bakteria Escherichia coli, aliyeelezwa na daktari Theodor Escherich mwaka 1885. Huishi katika matumbo ya binadamu na wanyama wenye damu moto, na aina zake nyingi hazidhuru. Kuvitafuta kimoja kimoja vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu ni kazi ngumu na ya gharama. Kwa hiyo maabara huotesha bakteria huyo na jamaa zake, yaani kolifomu za kinyesi, katika joto la nyuzi 44 hivi za sentigredi, kisha huhesabu idadi yao katika mililita 100 za maji.

Tunapendekeza kijidudu cha kuashiria kiitwe kiashirio, na chenye kuleta ugonjwa kiitwe kisababishi. Aidha, neno "choo" lisitumike mahali pa "kinyesi", kwani huweza kumaanisha jengo.

Tofauti hii ina uzito hasa katika majitaka yaliyosafishwa. Klorini huua Escherichia coli upesi, lakini baadhi ya virusi, pamoja na vijidudu vyenye ganda gumu kama kriptosporidi, hustahimili zaidi. Mayai ya minyoo nayo hayaashiriwi vema na bakteria. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989, uliofuatiwa na mwingine mwaka 2006, uliweka vipimo viwili kwa maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi: kolifomu za kinyesi zisizozidi 1,000 katika mililita 100, na yai la minyoo lisilozidi 1 katika lita, kwa wastani.

Basi, sentensi "kiashirio hakikuonekana" isigeuzwe kuwa "maji hayana vijidudu", wala "maji ni salama". Iachwe ilivyo. Mkulima asomaye tangazo kando ya mfereji hana maabara. Ana neno letu tu.