Matone Sita Nyuma ya Jicho

Mtoto mwenye ugonjwa wa Leber huzaliwa na macho yanayoonekana mazima. Mara nyingi ni mama anayeshtuka kwanza: mtoto hamfuati kwa macho, hukodolea taa muda mrefu, tena hujisugua macho kwa ngumi asichoke. Theodor Leber, daktari wa Ujerumani, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1869. Kwa zaidi ya karne moja baada yake, wazazi walipewa jina la ugonjwa tu, basi.

Jeni zinazouleta zinazojulikana leo zimepita 20. Mojawapo ni RPE65. Mwanga ukigonga retina, utando ulio nyuma ya jicho, vitamini A iliyomo hubadilika umbo, na protini inayotokana na jeni hii ndiyo huirejesha katika hali ya kunasa mwanga tena. Protini isipokuwepo, seli ziko hai lakini zimekosa cha kufanyia kazi. Mtoto amerithi nakala mbovu kwa baba na nyingine kwa mama, na wote wawili wanaona vizuri.

Jean Bennett na mumewe Albert Maguire, wa Philadelphia nchini Marekani, walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2001: mbwa waliozaliwa na kasoro hiyo ya RPE65, mmoja wao Lancelot, walianza kuona baada ya kuingiziwa jeni nzima. Desemba 2017 Marekani iliidhinisha Luxturna, dawa ya namna hiyohiyo kwa binadamu.

Daktari hutoboa matundu madogo kwenye weupe wa jicho, hutoa ute unaolijaza, kisha hupenyeza mrija mwembamba hadi chini ya retina na kuingiza mililita 0.3 za dawa, yaani matone sita hivi. Ndani yake mna virusi visivyoleta maradhi, vilivyobebeshwa jeni nzima. Retina huinuka kama lengelenge. Retina iliyobanduka ndiyo madaktari wa macho hukimbilia kuitibu usiku na mchana. Hapa wanaibandua wenyewe, kwa makusudi na kwa muda mfupi. Jicho la pili husubiri siku zisizopungua sita.

Katika majaribio, wagonjwa walipitishwa njia yenye vikwazo huku mwanga ukipunguzwa. Kati ya 20 waliotibiwa, 13 waliipita hata katika mwanga hafifu kuliko wote. Katika kundi lililokuwa bado halijatibiwa, hakuna aliyeweza.

Dawa ilipoingia sokoni bei yake ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili, na bei hiyo inaniuma. Kinachoniuma zaidi ni muda, kwa sababu dawa hii haifufui seli iliyokufa, na seli hizo hufa mwaka hadi mwaka familia ikizunguka hospitali bila kipimo cha jeni. Kabla ya kupasua, daktari hupiga picha ya retina kupima unene wake, akitafuta tabaka lililo hai. Wapo wenye jeni hiyohiyo mbovu ambao huambiwa, mbele ya picha hiyo, kwamba hakuna tena cha kutibu.