Dola zako hazipandi matatu: Jinsi skripti inavyohamisha USDC

Tuseme uko hosteli Nchiru, Meru, na mteja wa ng'ambo amekulipa dola 100 kwa sarafu ya USDC, kama Sh13,000 hivi. Pesa zimeingia kwenye pochi yako ya Ethereum. Mwenzako wa Embu, mliyefanya naye kazi, anadai nusu yake. Yeye hutumia mtandao wa Base, kwa sababu ada ya kutuma huko kwa kawaida ni senti chache, ilhali ya Ethereum hupanda watu wakijaa. Utamfikishiaje?

USDC ni sarafu thabiti. Hutolewa na kampuni ya Circle, na kila moja inakusudiwa kuwa sawa na dola moja ya Marekani. Ethereum na Base nazo ni blokucheni mbili, yaani daftari mbili za hesabu zisizosomana. Sarafu iliyoandikwa katika daftari moja haiwezi kuruka yenyewe hadi nyingine.

Zamani, aliyetaka kutuma pesa kutoka Embu hadi Meru alimpa dereva wa matatu bahasha, ikapita Runyenjes, Chuka na Nkubu, huku mwenyewe akiomba ifike. Madaraja mengi ya kwanza ya sarafu yalikuwa na udhaifu kama huo: pesa za watu wote zilifungiwa sanduku moja, nao wezi walijua liliko. Mwaka 2022 pekee, daraja la Wormhole liliibiwa zaidi ya dola milioni 300 mwezi Februari, Ronin zaidi ya milioni 600 mwezi Machi, na Nomad takriban milioni 190 mwezi Agosti.

Aprili 2023 Circle ilizindua njia nyingine, CCTP, inayofanana zaidi na M-Pesa. Wakala wa Embu hapandi gari na noti zako. Salio linapungua huku na kuongezeka kule. Kwenye CCTP, USDC inachomwa upande mmoja na nyingine mpya inatengenezwa upande wa pili. (Ndiyo, neno ni kuchoma, lakini hapa hujachoma picha.)

Skripti yako, iwe ya Python au JavaScript, inaanza kwa kuruhusu mkataba wa Circle uguse USDC zako. Kisha inaita depositForBurn ikitaja kiasi, anwani ya mpokeaji na nambari ya mtandao unakokwenda: Ethereum ni 0, Base ni 6, Polygon ni 7. Baada ya hapo inasubiri Circle itoe sahihi ya kuthibitisha kwamba sarafu zimechomwa kweli. Uhamisho wa kawaida kutoka Ethereum huchukua kama dakika 13 hadi 19. Toleo la pili, la 2025, lina njia ya haraka ya sekunde kadhaa, kwa ada. Mwisho, skripti inapeleka sahihi hiyo Base kwa kuita receiveMessage, na mwenzako anapata pesa.

Sasa tulia hapo kwenye kusubiri, maana ndipo watu huumia. Dola 50 zimeshatoka Ethereum na bado hazijafika Base. Stima ikapotea, laptopu ikazima. Ukiwasha na kuendesha skripti upya kutoka mwanzo, itachoma dola 50 nyingine! Umelipa mara mbili.

Zile za kwanza hazijapotea. Rekodi ya kuchoma iko Ethereum, na ukiwa na nambari ya muamala unaweza kuiomba Circle sahihi tena. Kwa kawaida hata mtu mwingine anaweza kuipeleka Base kwa niaba yako, na pesa zitaingia kwa mpokeaji uliyemtaja, si kwake. Kwa hivyo skripti iandike nambari hiyo kwenye faili kabla ya kuanza kusubiri, na kila ikiwashwa iangalie kwanza kama kuna uhamisho uliokwama.

Mengine ni madogo ila yanauma. Base inataka ada kwa ETH, kwa hivyo usipokuwa na kidogo kule, hatua ya mwisho haiendi. USDC huhesabiwa kwa desimali sita: dola 50 huandikwa 50000000. Na ile iitwayo USDC.e si USDC halisi ya Circle, CCTP haiichomi.

Ufunguo wa siri wa pochi usiuandike ndani ya kodi, hasa ukipenda kuweka kazi zako GitHub. Kuna roboti zinazopekua humo usiku na mchana. Na ukikosea anwani ya mpokeaji, hakuna 456 ya kuomba irudishwe.

Rais William Ruto alitia saini sheria ya watoa huduma za mali dijitali Oktoba 2025, na kampuni za biashara hii sasa zinahitaji leseni, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Hiyo inakusaidia unapotafuta wa kubadilisha USDC ziwe shilingi. Skripti uliyoandika mwenyewe haina wa kulalamikiwa, kwa hivyo ijaribu kwanza Sepolia, mtandao wa majaribio ambako Circle hutoa USDC za bure zisizo na thamani. Katikati ya kusubiri, izime makusudi, halafu uiwashe uone itafanya nini.