Baba aliyegeuza usiku wa wodini kuwa gemu

Usiku mmoja wodini, Ryan Green alikuwa peke yake na mwanawe mdogo, Joel. Mtoto alikuwa ameishiwa maji mwilini. Kila alichopewa kunywa alikitapika, na alilia kwa kiu bila kunyamaza. Baba akambeba, akamlaza, akambeba tena. Hakuna kilichosaidia. Mzazi aliyewahi kukesha na mtoto mgonjwa anaujua usiku wa namna hiyo.

Green, mkazi wa Colorado nchini Marekani, kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za kompyuta. Baadaye alipoukumbuka usiku ule, aliuona kama gemu iliyoharibika. Kwenye gemu ukibonyeza kitufe, kitu hutokea. Yeye alibonyeza kila kitufe ambacho baba anacho, na mtoto akaendelea kulia.

Joel aligundulika na saratani adimu ya ubongo akiwa na mwaka mmoja tu. Madaktari hawakutarajia aishi muda mrefu, lakini aliishi miaka minne zaidi. Mwaka 2012, mtoto akiwa bado hai, Green na mwenzake Josh Larson walianza kutengeneza gemu waliyoiita That Dragon, Cancer. Mama yake Joel, Amy, alishiriki kuiandika, na sauti za wazazi zinazosikika humo ni zao wenyewe. Hata kicheko cha mtoto ni cha Joel.

Wazazi wengi wakisikia neno gemu hufikiria risasi, magari na mpira. Hawakosei sana, maana ndizo zinazojaa kwenye simu za watoto. Lakini nyuma ya gemu nyingi yupo mtu aliyekaa akaandika hadithi, na kazi yake haifanani na ya mwandishi wa riwaya. Wa riwaya akiandika kwamba baba alikata tamaa, msomaji ameelewa, wanasonga mbele. Wa gemu sentensi hiyo haimfai kitu. Inabidi ampe mchezaji mtoto anayelia, ampe juisi ya kumnywesha, amwache ajaribu, kisha agundue kwa vidole vyake kwamba haisaidii. Anachoandika hasa ni kile mchezaji anachoweza kufanya na kile asichoweza.

Kijana mwenye ndoto ya kazi hii anaweza kuanza na daftari: tukio kwenye kisanduku, mshale kwenda kwenye kila uamuzi, kisanduku kingine. Ipo pia programu ya bure iitwayo Twine inayofanya jambo hilohilo kwenye kompyuta. Visanduku vitatu vya mwanzo ni rahisi. Vikifika thelathini, ndipo mtu anajua kama ana hadithi au ana mishale tu.

Akina Green waliujua mchezo huo wa kumpa mtu kitu na kumnyang'anya. Sehemu moja ya gemu yao ni mashindano ya kigari kwenye korido za hospitali. Mchezaji anakimbia, anakusanya vitu njiani, anafurahi kama kwenye gemu yoyote ya magari. Mwishoni anaonyeshwa maana ya alivyokusanya: ni hesabu ya dawa za saratani zilizoingia kwenye mwili wa mtoto. Kwingine kuna askari mdogo anayepigana na joka. Ni hadithi ambayo wazazi waliwasimulia kaka zake Joel ili waelewe kinachompata mdogo wao.

Machi 2014 Joel alifariki, akiwa na miaka mitano. Gemu ilikuwa bado haijakamilika, na iliyokuwepo ilikuwa imeandikwa na watu wenye matumaini. Wazazi wakarudi mezani na kuandika upya sehemu kubwa. Ilitoka tarehe 12 Januari 2016, siku ambayo Joel angetimiza miaka saba, na mwishoni mwa mwaka huo ikapata tuzo katika The Game Awards.

Fedha zilikuwa habari nyingine. Miezi michache baada ya gemu kutoka, Green alieleza kuwa mauzo hayakwenda walivyotarajia, na sababu mojawapo ni watu kurekodi gemu nzima na kuiweka YouTube, ambako wengi waliitazama kama filamu na kuridhika. Ni ya saa mbili hivi, kwa hiyo mtu angeimaliza kwa kikao kimoja. Waliona machozi yote, ila hawakuwahi kumnywesha mtoto ile juisi.

Ndani ya gemu kuna pia mahali hospitalini palipojaa kadi. Ni ujumbe halisi kutoka kwa familia zilizochangia gharama za kuitengeneza, kila moja ikimtaja mtu wake aliyeugua saratani. Mchezaji anaweza kusimama akazisoma moja moja, kwa muda anaotaka. Hakuna pointi anazopata kwa kufanya hivyo.