Hewa Nyepesi, Vumbi Jekundu: Injini za Ndege Ndogo Karatu na Ngorongoro

Kiwanja cha ndege cha Manyara kipo juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwenye njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, takribani mita 1,260 kutoka usawa wa bahari. Ndege nyingi za watalii zinazotua hapo ni Cessna Caravan. Hizo zina injini ya tabaini, isiyo na pistoni, inayotumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Leo ninaandika juu ya wadogo wa Caravan: Cessna 172, 182 na 206, ndege zenye injini ya pistoni inayokunywa petroli. Ndizo zinazowafunza marubani wapya, ndizo zinazofikisha wauguzi na dawa kwenye viwanja vya nyasi vya wafugaji. Flying Medical Service ya Arusha, kwa mfano, imeitegemea Cessna 206 katika kazi hiyo.

Ni mara chache injini ya pistoni hufa bila kuonya. Huanza kusema mapema kwa namba ndogondogo, na kwenye nyanda hizi namba hizo hazisomeki sawasawa ukitumia mazoea ya Dar es Salaam. Rubani na fundi wanaofanya kazi hapa inabidi wajue hewa ya hapa na vumbi la hapa vinaifanya nini injini.

Tuanze na hewa. Cessna 206 nyingi zimefungwa Continental IO-520, injini ya silinda sita yenye ujazo wa lita 8.5 hivi. Kitabu chake kinaipa nguvu farasi 300 wakati wa kuruka, na namba hiyo imepimwa kwenye usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo, yaani pampu ya kuishindilia hewa, huvuta hewa kwa kutegemea mgandamizo wa anga peke yake, na kila ukipanda futi 1,000, yaani mita 305, inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu. Fanya hesabu. Pale Manyara zimebaki farasi 260 hivi. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, takribani mita 2,300, zimebaki karibu 230. Injini ni ileile, haina ugonjwa wowote. Hewa ndiyo imepungua.

Kisha lipo joto. Hewa ya moto hutanuka na kuwa nyepesi zaidi. Mchana wa nyuzi 28 hapo Manyara, ndege hujiona kama ipo mita 2,000 na ushei, ingawa magurudumu yake yanakanyaga ardhi ya mita 1,260. Bawa nalo linakosa hewa ya kuegemea, propela inakosa hewa ya kukamata, na mbio za kuruka zinarefuka. Ndiyo maana marubani wa ndege hizi hupenda kuondoka asubuhi na hupakia kwa mizani. Abiria anayenung'unika kwamba begi lake la kilo 25 limeachwa chini ajue kwamba uamuzi huo umemlinda.

Hewa nyepesi ina jambo la pili, na hili ndilo huwachanganya wengi. Petroli huchanganywa na hewa kwa uwiano wa uzito. Hewa ikipungua uzito huku petroli ikimiminika kama kawaida, mchanganyiko unakuwa na petroli iliyozidi. Injini inatetemeka, inapungukiwa nguvu, na masizi yanaganda kwenye plagi. Petroli ya ndege yenye rangi ya buluu bado ina risasi ndani yake, na risasi hiyo nayo huganda kwenye ncha za plagi kama vijipunje vya kijivu. Kwa hiyo rubani ana nobu nyekundu ya kupunguza petroli, na kwenye nyanda za juu ni lazima aitumie hata kabla ya kuruka, akiwa bado ardhini.

Fikiria rubani aliyezoea pwani. Amelala Karatu, asubuhi anawasha injini na kupima magneto. Kila silinda ina plagi mbili, na kila kundi la plagi lina magneto yake inayozalisha umeme bila kutegemea betri. Ukizima moja, mzunguko wa injini unatakiwa ushuke kidogo tu. Lakini leo unashuka sana, na injini inakohoa. Anampigia fundi simu: magneto imekufa. Fundi mwenye uzoefu wa huku hatakimbilia spana. Atamwambia apunguze petroli mpaka injini ilie laini, aiache izunguke kwa kasi ya wastani dakika moja au mbili ili masizi yaungue, kisha apime tena. Mara nyingi tatizo huishia hapo. Lisipoisha, sasa ndiyo plagi zifunguliwe na magneto ikaguliwe.

Sasa vumbi, na hapa ndipo roho yangu ilipo, kwa sababu hewa nyepesi ukitoka unaiacha nyuma, lakini vumbi unaondoka nalo ndani ya silinda.

Udongo wa Karatu ni mwekundu, umetokana na miamba ya volkano, na wakati wa kiangazi kila propela inayozunguka kwenye kiwanja cha udongo huuinua. Chembe zake zina silika, na silika ni ngumu vya kutosha kukwangua chuma. Kinga iliyopo ni filta ya hewa peke yake. Filta ikiwa na tundu, au mpira wake ukiwa haujakaa vizuri, vumbi linaingia pamoja na hewa, linachanganyika na oili kwenye kuta za silinda, na mchanganyiko huo unazila ringi za pistoni kama msasa. Ushauri wa kawaida ni kwamba oili na filta yake vibadilishwe kila baada ya saa 50 za kuruka au miezi minne. Kwenye vumbi kama hili, saa 25 ni busara zaidi, na filta ya hewa itazamwe kila siku ndege inaporuka.

Vumbi lina pia mlango wa nyuma ambao marubani wengi wanausahau. Injini za kabureta, kama ile ya Cessna 172 ya zamani, hupatwa na barafu ndani ya kabureta. Petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto, na hewa yenye unyevu inaweza kuganda humo hata kama nje hakuna baridi kali. Ukungu wa asubuhi kwenye ukingo wa Ngorongoro ni mazingira yake hasa. Dawa yake ni kuvuta hewa ya moto inayozunguka bomba la ekzosi. Lakini hewa hiyo haipiti kwenye filta. Ukiivuta angani ndani ya ukungu umefanya sawa. Ukiisahau imefunguliwa huku unatembea kwenye vumbi la kiwanja, unailisha injini mchanga. Kwenye injini zisizo na kabureta kuna mlango wa akiba unaofunguka filta ikiziba, nao hupitisha hewa isiyochujwa. Fundi anayeona vumbi ng'ambo ya filta aanze kwa kuuchunguza mlango huo.

Vumbi likishaingia utalijua vipi? Oili husema. Kila inapobadilishwa, chupa ndogo ipelekwe maabara kupimwa madini. Silika ikipanda inaonyesha njia ya vumbi. Chuma na kromiamu zikipanda pamoja nayo, silinda na ringi zimeanza kulika. Filta ya oili nayo ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe juani na ipitishwe sumaku. Vipande vinavyonasa kwenye sumaku vina maana tofauti na vile vya aluminiamu visivyonasa.

Halafu kipo kipimo cha kubana hewa. Fundi huisimamisha pistoni juu kabisa, huku mwenzake ameishika propela kwa nguvu, kisha anaingiza hewa ya pauni 80 kwa inchi ya mraba na kusoma silinda imebakiza ngapi. Tuseme 72. Hewa iliyopotea imetoka wapi? Tega sikio. Ikivuma kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ikivuma kwenye bomba la kuingizia hewa, ni valvu ya kuingizia. Ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi zimechoka. Kipimo kifanywe injini ikiwa na joto, maana ikiwa baridi hudanganya.

Namba moja peke yake haina maana kubwa. Silinda inayosoma 68 miaka mitatu mfululizo ni nzima kuliko iliyokuwa 77 mwaka jana na leo ni 68. Kwa hiyo kumbukumbu zilizoandikwa vizuri ni sehemu ya injini sawa na pistoni zake. IO-520 imepangiwa saa 1,700 kabla ya oveholi, yaani kufumuliwa na kutengenezwa upya, lakini injini iliyovuta vumbi haitazifikisha.

Kabla ya kutaja hatari ya mwisho, niseme neno kuhusu ndege maarufu kuliko zote eneo hili. Michael Grzimek alikufa tarehe 10 Januari 1959 akirusha Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya punda milia, ile ambayo yeye na baba yake, Bernhard, waliitumia kuhesabu wanyama wa Serengeti. Ilikuwa na injini ya Lycoming ya silinda sita. Watu huuliza injini ilizimaje. Haikuzima; ndege iligongana na tumbusi na bawa likaharibika. Kaburi lake lipo ukingoni mwa kreta, na wanaosimama pale wanastahili kuelezwa ukweli huo.

Hatari ya mwisho ni kukaa bila kazi. Masika watalii hupungua na ndege nyingine husimama wiki nyingi. Kwenye injini nyingi za Lycoming kemshafti, mhimili unaoendesha valvu, ipo juu ya krenkshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni. Oili hutiririka chini, chuma kinabaki wazi, na unyevu unakitia kutu. Kutu hiyo huja kuzila kemshafti na vidude vinavyosukuma valvu. Wengine huwasha injini dakika tano kila Jumamosi wakidhani wanaitunza. Wanaidhuru, kwa sababu kuungua kwa petroli huzalisha maji, na dakika tano hazitoshi kuipasha oili mpaka maji hayo yatoke. Irushwe mpaka oili ipate joto la kutosha, au isiguswe kabisa: iwekwe oili ya kuhifadhia, propela ifungwe bango la kuzuia kuizungusha, na matundu ya plagi yawekwe vizibo vyenye chembe za kunyonya unyevu. Chembe hizo ni za buluu. Zikigeuka pinki zimeshiba maji, zibadilishwe siku hiyohiyo.