Roboti ya Kufyonza Vumbi na Tambara la Deki: Kipi Kifaacho Nyumba ya Askari Kalerwe?

Koplo mmoja aliyerejea kutoka Somalia, nchi ambayo majeshi ya Uganda yaliingia kulinda amani mwezi Machi 2007, alitujia na swali ambalo kwanza lilituchekesha, kisha likatufikirisha. Mkewe na watoto wao watatu wakaa Kalerwe, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, hatua chache kutoka sokoni. Huko ng'ambo, saa za mapumziko, aliona katika simu picha za roboti ya duara, pana kama sinia, ifagiayo na kupiga deki bila kuguswa na mtu. Akiba yake ya posho yakaribia kutosha bei nzima. Kilichopungua alikusudia kukikopa katika chama cha akiba na mikopo cha maaskari. Mama watoto alikuwa akilalamika mgongo. Lakini alipopewa habari ya zawadi hiyo, mama huyo alisema kuwa fedha hizo zingemaliza kuezeka nyumba yao ya kijijini. Wakabishana kwa simu mwezi mzima, na koplo akataka sisi tuwe waamuzi.

Hatukupenda kutoa hukumu tukiwa tumeketi mezani. Tulishuka Kalerwe.

Kwa askari ambao hawajapata kupangiwa kazi upande huo, Kalerwe ni mahali pa bondeni katika tarafa ya Kawempe, kaskazini ya jiji la Kampala, ambapo barabara ya Gayaza yakutana na barabara kuu izungukayo jiji kwa upande wa kaskazini. Malori ya ndizi, kabichi na nyanya hushusha mizigo hapo kabla ya mapambazuko, na majani na maganda hukanyagwa mpaka yakawa tope. Jua likiwaka siku tatu, tope lile lile huwa vumbi jekundu, nalo huingia nyumbani kwa madirisha, kwa nafasi za chini ya milango na kwa nyayo za viatu. Kati ya makazi hupita mfereji wa Nsooba, upelekao maji ya vilima jirani hadi bonde la Lubigi. Mvua kubwa ikinyesha mfereji hufurika, na maji yale hayaji peke yake: huja na taka za soko na yaliyokuwamo katika vyoo vya mashimo.

Hiyo ndiyo sakafu tuizungumzayo. Si sakafu ya picha za simu.

Mama wa Kalerwe hudeki asubuhi baada ya kuwatoa watoto kwenda shule. Huweka mikeka na viti nje, hufagia, kisha huinama, miguu imenyooka, tambara mkononi, akirudi kinyumenyume kutoka ukuta wa nyuma mpaka mlangoni. Neno lenyewe, kupiga deki, lina asili ya melini. Mabaharia waliisugua sitaha kwa amri, kama kuruta asuguavyo sakafu ya bweni. Tofauti ni kwamba baharia na kuruta hubadilishana zamu, lakini mama hana zamu. Kuinama huko ndiko kuumizako mgongo, na twasema wazi kwamba koplo hakukosea kuliona jambo hilo. Waume wengi hawalioni.

Sasa tuitazame mashine. Roboti ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa madukani ilitolewa mwaka 2001 na kampuni ya Electrolux ya Sweden, ikaitwa Trilobite. Mwaka uliofuata kampuni ya iRobot ya Marekani ikatoa Roomba, iliyokuwa ya bei nafuu zaidi, ikaenea duniani. Hapa askari watege sikio: kampuni hiyo ndiyo iliyotengeneza PackBot, roboti yenye minyororo kama kifaru, iliyopelekwa Afghanistan mwaka 2002 kupekua mapango na baadaye Irak kushughulikia mabomu ya kutegwa barabarani. Mwaka 2016 iliuza tawi lake la kijeshi, ikabaki na kazi za nyumbani. Na mwezi Desemba 2025, baada ya kuzidiwa na washindani wa China, ikaomba hifadhi ya mahakama ya kufilisika. Soko la mashine za bei ya juu sasa limetawaliwa na kampuni za China kama Roborock, Ecovacs na Dreame.

Roboti ghali ya siku hizi hurusha miali ya leza pande zote, hupima umbali wa kuta na viti, ikachora ramani ya nyumba nzima. Brashi ya pembeni husogeza vumbi, brashi kuu huliinua, na feni hulivuta ndani. Kwa nyuma, matambara mawili ya duara yenye unyevu huzunguka juu ya sakafu. Kazi ikiisha hurudi yenyewe kwenye kituo chake cha umeme, ambacho huyaosha matambara hayo, huyakausha kwa hewa ya moto na kulifyonza vumbi lote ndani ya mfuko. Mwenye nyumba hana kazi ila kujaza tangi la maji safi na kumwaga maji machafu.

Tusiibeze kazi hiyo. Katika nyumba kubwa ya vigae kule Kololo au Muyenga, mashine yaweza kumshinda mwanadamu kwa mambo mawili. Kwanza, ufagio mkavu hurusha vumbi laini hewani, nalo hutua tena baadaye juu ya vyombo, au huingia vifuani mwa watoto. Mashine hulivuta na kulichuja. Pili, haichoki wala haisahau, na hupita chini ya kitanda kila siku, mahali ambapo tambara la binadamu hufika Jumamosi tu.

Lakini Kalerwe mashine hiyo yakutana na adui ambaye watengenezaji hawakumfikiria, naye ni kingo ya saruji. Wakazi wa bondeni, wakijihami na mafuriko, hujenga ukuta mdogo mlangoni ili maji yabaki nje, na wengine huinua kizingiti cha kila chumba. Roboti nyingi huweza kupanda kizingiti cha sentimeta 2 hivi. Zile ghali za mwaka 2025, zenye miguu midogo ya kujiinua, hudaiwa na watengenezaji wake kufikia kiasi cha sentimeta 6. Kwa hiyo ukuta uokoao nyumba na maji ndio ule ule uifungao mashine ndani ya chumba kimoja kama mahabusu. Na chumba chenyewe kimejaa: kitanda, sanduku, jiko, masinia, madumu ya maji ya lita 20, viatu vya watoto, waya ya simu. Sakafu iliyobaki wazi ni mita chache za mraba, ambazo mtu mwenye tambara huzimaliza kwa dakika kumi.

Kisha mafuriko yenyewe. Mashine hizi hazikuundwa kufyonza maji yaliyotuama wala tope. Zikifanya hivyo zaweza kuharibika mara moja. Baada ya maji kupungua, nyumba yataka koleo, kisha sabuni na maji mengi, kisha dawa ya klorini. Utaratibu huo una sababu yake: klorini ikikutana na tope huishia kupigana na tope, ikawaacha vijidudu wazima, ndiyo maana uchafu hutangulia kuondolewa kwa sabuni. Dawa ambayo kibandiko chake chaonyesha nguvu ya 3.5 kwa mia, ukipima kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, hutoa mchanganyiko wa 0.5 kwa mia. Ni kiwango kile kile kilichozoeleka kwa wahudumu wa afya katika vita dhidi ya Ebola, ugonjwa uliotangazwa tena mjini Kampala mwezi Januari 2025, mgonjwa wake wa kwanza akiwa muuguzi wa hospitali ya Mulago iliyo jirani na Kalerwe. Mchanganyiko huo huachwa sakafuni dakika kumi hivi, madirisha yakiwa wazi, na kamwe hauchanganywi na dawa nyingine ya kusafishia, kwani hutoa hewa ya sumu. Tangi la roboti, kinyume chake, halitakiwi kutiwa klorini. Watengenezaji wengi huikataza kwa sababu hula mipira na mabomba ya ndani. Siku ile nyumba ihitajipo usafi kuliko siku zote, mashine ya mamilioni hukaa juu ya kabati, na tambara ndilo lifanyalo kazi.

Tumesema mamilioni, na hatukutia chumvi. Roboti ya daraja la juu huuzwa ng'ambo dola 1,000 na zaidi, yaani zaidi ya shilingi milioni 3 na nusu za Uganda, kabla ya usafirishaji, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Juu ya hayo kuna mifuko, brashi, vichujio na matambara ya kubadilisha. Betri nayo huchoka baada ya miaka michache. Askari akope, alipe riba, halafu kipuri kikosekane! Hapo mashine hugeuka meza ya kuwekea birika.

Tungeishia hapo kama tungekuwa tukiwaandikia raia watupu. Kwa askari na polisi kuna jambo jingine, nalo si la usafi. Roboti ichorayo ramani ya nyumba, nyingi zikiwa na kamera na kuunganishwa na intaneti, ni mpelelezi aliyekaribishwa mlangoni. Mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review lilifichua kwamba picha zilizopigwa mwaka 2020 na roboti za majaribio za iRobot, mojawapo ikimwonyesha mwanamke akiwa chooni, zilivujishwa na wafanyakazi wa mbali waliopewa kazi ya kuzitambua. Mwezi Mei 2024, huko Marekani, wahuni walizivamia kwa intaneti roboti za Ecovacs katika miji kadhaa, wakaziendesha wapendavyo na kutoa matusi ya ubaguzi kupitia vipaza sauti vyake. Wala wanajeshi wasisahau mwezi Januari 2018, ramani ya programu ya mazoezi iitwayo Strava ilipoonyesha hadharani njia walizokimbilia askari ndani ya kambi za Syria na Afghanistan. Hakuna jasusi aliyetumwa. Askari wenyewe walikuwa wameivaa mitambo mikononi. Afisa anayeweka nyaraka au silaha nyumbani, na mpelelezi wa polisi ambaye uso wa mwanawe haufai kujulikana na wahalifu, wana sababu ya kuuliza ramani ya sebule zao yahifadhiwa nchi gani, na nani mwenye ufunguo. Kwa wenye kukaa ndani ya kambi, tungeshauri wamwulize afisa usalama wao kabla ya kuuliza bei.

Kuna na wale ambao koplo hakuwataja. Wapo akina mama wa mabondeni wapandao vilima kila asubuhi kwenda kudeki nyumba za wenye nafasi, na ujira huo ndio ada na ndio posho ya unga. Roboti haitawafuata Kalerwe. Itawakuta huko vilimani. Jambo hilo latutia wasiwasi kuliko mgongo wa koplo na mkewe, ambao una dawa.

Dawa hiyo tulimwandikia. Sakafu ya saruji iliyobomoka vishimo, apatane na mwenye nyumba isawazishwe iwe laini, kwani kishimo hutunza uchafu ambao wala tambara wala leza haviupati. Anunue mopu ya mpini mrefu, ili mtu adeki akiwa amesimama wima. Ndoo ziwe mbili, ya sabuni na ya kusuuzia, maana mwenye ndoo moja husafiri na uchafu wa chumba hiki hadi kile. Matambara yafuliwe na kuanikwa juani, yasilale yamelowa. Vyote hivyo, ukiiacha saruji, ni vya bei ndogo sana kuliko mashine, na mabati ya kijijini hayaguswi. Tukaongeza kwamba hakuna askari, awe wa jeshi au wa polisi, aliyehitimu mafunzo bila kuijua deki, na kwamba ujuzi huo haupotei mtu akivishwa cheo.

Alitupigia simu baada ya wiki moja. Kuhusu roboti hakusema neno. Alitaka kujua kama sokoni hupatikana mopu yenye mpini wa kumfaa mtu mrefu, kwa kuwa zamu ya Jumapili amekwisha jipangia mwenyewe.